Kipimo cha mate cha saratani ya kurithi: nusu ya kwanza nunua, nusu ya pili waachie wenyewe

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Kifurushi kizima kilinitoa laki tisa na themanini elfu, na zinalipwa zote kwa lipa namba kabla hujagusa kichupa. Wamefunga vitu viwili pamoja. Cha kwanza ni kipimo cha jeni za saratani ya kurithi, kinachokuja na saa nzima ya kuongea na mshauri wa vinasaba. Cha pili ni ripoti wanayoiita ya mtindo wa maisha, inayodai kusoma mate yako na kukuambia ule nini, ufanye mazoezi gani na unywe kahawa vikombe vingapi. Bima yangu ilikataa kuchangia hata senti. Kampuni siitaji. Matangazo ya huduma hizi yanafanana hadi picha ya yule mama anayecheka na glasi ya juisi ya kijani, na ninayotaka kuyasema yatakufaa kwa yeyote utakayemwendea.

Mimi nauza nafaka Tandale, Dar es Salaam: mahindi, maharage, karanga, na choroko zikiwa na bei. Kwetu ni Rombo, Kilimanjaro. Mama yangu alifariki kwa saratani ya titi kabla hajatimiza hamsini. Mdogo wake, mama mdogo anayekaa Kimara, yuko kwenye matibabu hospitali ya saratani ya Ocean Road tangu mwaka jana. Bibi mzaa mama alikufa kwa "uvimbe wa tumbo", enzi ambazo hakuna aliyeuliza uvimbe huo ni wa nini. Wenye familia za namna hii mnajua tunavyoishi, kila ukioga unajipapasa, na kila upele unaulalia macho.

Kifurushi kililetwa na bodaboda hadi kwenye kibanda changu, na hapo nawapongeza, kwa sababu kufunga biashara siku nzima kufuata kichupa mjini ningeahirisha hadi leo. Ndani kuna kichupa chenye faneli ndogo, mfuniko wenye maji ya buluu, bahasha yenye namba yako na karatasi ya picha. Nusu saa kabla hutakiwi kula, kunywa, kuvuta sigara wala kutafuna bablishi. Halafu unatema mate hadi yafike kwenye mstari, na povu halihesabiwi. Jamani, lile povu! Unajaza, linatulia, unakuta hujafika hata nusu. Kwenye vumbi la pumba mdomo unakauka mara moja, nikajificha nyuma ya magunia nikiendelea kutema, na kuli mmoja akaniuliza kwa huruma kabisa kama nimeandikiwa dawa na mganga. Ukishafika kwenye mstari unafunga mfuniko kwa nguvu, yale maji ya buluu yanashuka na kuchanganyika na mate ili yasioze njiani, unatikisa, unarudisha kwenye bahasha. Sampuli inakwenda maabara ya nje ya nchi.

Waliahidi majibu ndani ya mwezi. Ukapita, wa pili ukafika katikati, ujumbe hakuna. Nilipopiga simu nikaambiwa "mfumo unaonesha ipo kwenye hatua". Hatua gani, hakuna aliyejua. Mtu anayesubiri jibu la saratani asiambiwe hivyo. Muuza mbegu akichelewesha mzigo hunitumia japo picha ya lori lililoharibika.

Majibu yalipokuja, ripoti nzima ilikuwa ya Kiingereza, kurasa zaidi ya thelathini. Mimi nakisoma kwa kubahatisha, mama mdogo hakisomi kabisa. Huduma inatangazwa kwa Kiswahili, inalipiwa kwa Kiswahili, halafu jibu lenyewe linakuja kwa lugha ya watu wengine. Aliyeniokoa ni mshauri.

Huyo mshauri ndiye kitu bora kuliko vyote kwenye kifurushi hiki. Ni binti mdogo tu, tuliongea kwa video Jumamosi jioni. Alinipa shikamoo, akaniuliza kama niko mahali pa faragha, na kabla hajafungua ripoti akauliza, "Mama, huyu mama mdogo wako anayeumwa ameshapimwa vinasaba?" Nikamwambia hajapimwa. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema kwa upole kwamba alitakiwa aanze yeye.

Sababu yake niliielewa kwa lugha ya sokoni. Ukitaka kujua dumuzi wameingiaje ghalani, unafungua kwanza gunia lililotobolewa, huanzi na lile lililo zima. Mtu aliyeugua akipimwa na kukutwa na badiliko baya la jeni, ndugu wengine wote wanatafutiwa badiliko hilohilo moja tu, kwa bei ndogo na kwa jibu la ndiyo au hapana. Akipimwa kwanza mzima kama mimi asionekane na kitu, hujui kama ameponea kurithi au kama tatizo la familia liko sehemu ambayo kipimo hakiangalii. Fomu yao ya mtandaoni inauliza umri, uzito, barua pepe na rangi ya kifungashio unayopenda. Nani kwenye ukoo ameugua na yuko hai? Haiulizi. Swali hilo lingekaa juu kabisa, kabla ya lipa namba, watu wengi wangeokoa fedha zao. Pengine ndiyo maana halipo.

Kipimo chenyewe kinaangalia jeni kadhaa, lakini wakubwa wa kundi ni BRCA1, iliyoko kwenye kromosomu ya 17, na BRCA2, iliyoko kwenye kromosomu ya 13. Mwaka 1990 mwanasayansi wa Marekani, Mary-Claire King, alionesha kwamba katika baadhi ya familia saratani ya titi inafuatana na kipande cha kromosomu ya 17. Wakati huo wengi hawakuamini kwamba jeni moja inaweza kuwa na nguvu kiasi hicho. BRCA1 yenyewe ikapatikana mwaka 1994, na BRCA2 mwaka uliofuata. Jeni hizi si za ugonjwa. Kila binadamu anazo, na kazi yake ni kukarabati DNA inapokatika ndani ya seli. Unazo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Ukirithi nakala moja mbovu unaishi vizuri tu kwa ile nzima, mpaka siku nayo iharibike kwenye seli moja ya titi au ya ovari, na seli hiyo ianze kurundika makosa.

Hatari yake si ya kutania. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba katika kila wanawake 100 wenye badiliko baya la BRCA1, takribani 72 watapata saratani ya titi kufikia umri wa miaka 80, na kwa BRCA2 takribani 69. Saratani ya ovari ni takribani 44 kwa BRCA1 na 17 kwa BRCA2. Hapo ndipo unaelewa kwa nini mwaka 2013 yule mwigizaji Angelina Jolie aliandika gazetini kwamba ameondoa matiti yote mawili akiwa mzima. Jirani yangu wa kibanda, niliposema nimepima, swali lake la kwanza lilikuwa kama na mimi nitakatwa.

Wanaume nao wamo. Mwanamume anairithi sawa na mwanamke, anampitishia mwanawe kwa nafasi ya nusu kwa nusu, na badiliko la BRCA2 linamwongezea yeye mwenyewe hatari ya saratani ya tezi dume, hata ya titi. Nilipomweleza mjomba, kaka yake mama, aangalie kama naye apime, alicheka hadi akakohoa. "Mimi nina matiti gani?" Hayo tuyaache hapo kwanza.

Sasa jibu langu. Jeni zote safi isipokuwa BRCA2, ambapo herufi moja imebadilika, na mbele yake maabara imeandika kwamba maana ya badiliko hilo haijulikani. Nilihisi jasho. Unalipa karibu milioni kuambiwa kuna kitu, ila hatujui ni kitu gani!

Mshauri alitumia muda mrefu zaidi hapa, na alistahili. Alisema majibu ya namna hii yanawapata Waafrika mara nyingi zaidi kuliko Wazungu, na kosa halimo mwilini mwetu. Maabara inaposoma badiliko hulilinganisha na hazina za vinasaba vya watu waliokwisha kupimwa, na hazina hizo zimejaa watu wenye asili ya Ulaya. Afrika ndiko binadamu ameishi muda mrefu kuliko popote, kwa hiyo ndiko kwenye tofauti nyingi zaidi za vinasaba, lakini humo ndani sisi ndio wachache. Badiliko ambalo pengine ni la kawaida tu kwa watu wa Rombo, lisilomdhuru yeyote, kwao linaonekana geni. Zimekuwepo jitihada za kuziba pengo hilo, kama mradi wa H3Africa uliotangazwa mwaka 2010 kwa fedha za Marekani na Uingereza, ila kazi bado kubwa. Akaniambia pia kwamba mabadiliko mengi ya aina hii yakija kuchunguzwa zaidi hukutwa hayana madhara, na kwamba hakuna daktari makini atakayekata kiungo cha mtu kwa jibu kama hili. Niendelee kuangaliwa kwa kufuata historia ya familia yangu: daktari ayakague matiti, picha za mamogramu zianze mapema bila kusubiri umri wa wengine, na uvimbe wowote nisiuwekee majani.

Kwa saa hiyo moja nisingemdai mtu chenji.

Tatizo ni nusu ya pili ya kifurushi, ile ya mtindo wa maisha. Imechapwa vizuri kuliko ile ya saratani, ina rangi, ina michoro ya moyo na viatu vya mazoezi. Inaniambia nina jeni ya misuli ya mbio fupi. Mimi, mwenye goti linalolia nikipanda ngazi za benki. Inasema mwili wangu unachelewa kuondoa kafeini. Inasema nina nakala ya jeni ya FTO inayoelekeza kwenye unene, na hiyo ni jeni ya kweli, iliyogunduliwa kuhusiana na uzito mwaka 2007, na wenye nakala mbili zake kwa wastani walikuwa wazito kwa kilo tatu hivi kuliko wasio nayo hata moja. Kilo tatu! Hizo kwa wauza nafaka wa Tandale ni chipsi za wiki mbili na kukaa kwenye kiti. Na ushauri unaofuata ni upi? Tembea, punguza mafuta na sukari. Nesi wa kliniki ya zahanati alinipa ushauri huohuo bure, akanipa na kadi.

Wanapendekeza nile samaki wa samoni, mboga ambayo sijawahi kuiona na matunda ya porini ya Ulaya. Dagaa hawamo. Mchicha haumo. Dodoso lao liliniuliza nakunywa glasi ngapi za mvinyo kwa wiki, lakini mbege halikuiuliza, kama vile pombe ikiwa ya ndizi mwili hauijui. Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya, na halikubagua chupa na kata.

Kilichoniudhi kuliko vyote ni kwamba dodoso lao halikuniuliza kama nimenyonyesha. Ripoti ya mtindo wa maisha, kwenye kifurushi cha saratani ya titi, kwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu mwenye watoto! Mwaka 2002 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 47 kutoka nchi 30, ukaonesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha inapunguza hatari ya saratani ya titi kwa asilimia 4.3, mbali na punguzo la kila uzazi. Mimi nimenyonyesha wote hadi wakaota meno ya kuniuma. Haikuhesabika popote.

Nilimuuliza mshauri kwa nini ripoti moja ina uzito na nyingine nyepesi vile, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike haya. Mate, alisema, yanaonesha DNA uliyozaliwa nayo. Uharibifu unaofanywa na maisha haumo kwenye mate kwa namna ambayo kipimo hiki kinaweza kuisoma, umo ndani ya seli za kiungo kilichoathirika. Akanipa mfano wa sigara: watafiti walihesabu mwaka 2016 kwamba mtu anayevuta pakiti moja kwa siku kwa mwaka mzima anaacha wastani wa mabadiliko 150 katika kila seli ya pafu. Huyo mvutaji akitema mate kwenye kichupa, kipimo hakitayaona hata moja.

Hapo nikaelewa. Nusu ya kwanza inajibu swali linaloweza kujibiwa na mate. Nusu ya pili inajifanya kujibu lisiloweza.

Na maswali ya maisha yetu yapo, tena makubwa. Saratani zinazorithiwa moja kwa moja kwa jeni kama BRCA ni kama 5 hadi 10 tu katika kila 100. Watafiti wa Sweden, Denmark na Finland walifuatilia jozi 44,788 za mapacha, wakachapisha mwaka 2000 kwamba urithi unaeleza takribani asilimia 27 ya tofauti za hatari kwenye saratani ya titi, 35 kwenye ya utumbo mpana na 42 kwenye ya tezi dume. Sehemu kubwa iliyobaki ni mazingira na mambo yanayotupata tukiwa tumeshazaliwa.

Chukua sumukuvu, ninayoijua kwa sababu ndiyo inayonitesa kwenye biashara. Karanga na mahindi yakivunwa yakawekwa chini yakiwa na unyevu, yanaota kuvu, na baadhi ya kuvu hao wanatengeneza sumu isiyo na ladha wala harufu, isiyoondoka kwa kupika. Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki kwenye mahindi ni sehemu 10 kwa bilioni. Jirani zetu wa Makueni na Kitui, Kenya, walizikana mwaka 2004, watu 125 wakafa kati ya 317 walioripotiwa kuugua, na hapa kwetu Dodoma na Manyara kukatokea vifo mwaka 2016. Hao ni waliokula nyingi kwa mpigo. Anayekula kidogo kidogo miaka na miaka ndiye anayekuja kupata saratani ya ini. Na hapa sayansi ya vinasaba imefanya kazi ya maana: mwaka 1991 watafiti walikuta kwamba uvimbe wa ini wa watu kutoka maeneo yenye sumukuvu nyingi, China na kusini mwa Afrika, mara nyingi una kosa lilelile, mahali palepale, kwenye jeni iitwayo TP53, namba 249. Sumu inaacha alama yake. Mtu akiwa na virusi vya homa ya ini B, hatari inazidishwa mara nyingi, na ndiyo maana chanjo yake imo kwenye zile wanazochomwa watoto wachanga kliniki.

Mimi nikipokea mzigo nachoma bambo gunia la katikati, namwaga nafaka kiganjani, natafuta punje iliyofifia rangi, iliyosinyaa, yenye unga wa kijani kwenye kitako. Karanga yenye alama hiyo siuzi, hata ikisagwa. Wapo wanaozichagua zile mbovu wakazipeleka kwenye kusaga siagi, maana zikisagwa hazionekani. Ripoti ya kurasa kumi na tano kuhusu chakula changu na saratani haina neno sumukuvu. Haina homa ya ini. Haina chanjo ya virusi vya papiloma, ambavyo ndivyo chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi, na ambayo serikali inawachanja mabinti bure tangu mwaka 2018. Binti yangu alichanjwa shuleni, na kwa maoni yangu sindano ile moja ina thamani kuliko kurasa zote hizo zenye rangi.

Chai nayo. Baba mkubwa wangu wa Rombo alikufa kwa saratani ya umio, hakuweza kumeza hata uji mwishoni, na yeyote mwenye kwao Kilimanjaro au magharibi mwa Kenya ana hadithi inayofanana na hiyo. Wataalamu walikwenda kupima chai ya watu wa Kilimanjaro, wakachapisha mwaka 2015 kwamba watu wanaanza kuinywa ikiwa imepita nyuzi joto 70. Ya maziwa ndiyo ilinywewa ya moto zaidi. Mwaka uliofuata shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likaviweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani. Halafu mwaka 2021 ikatoka kazi nyingine kubwa, iliyosoma vinasaba vyote vya uvimbe 552 wa umio kutoka nchi nane, Tanzania, Kenya na Malawi zikiwemo. Walitumaini kuona alama ya mhalifu, kama ile ya sumukuvu kwenye ini, itakayoeleza kwa nini kwetu ugonjwa umejaa na kwingine ni haba. Hawakuiona. Pengine kinachounguza hakiandiki kitu kwenye DNA, kinajeruhi tu na kuachia mengine yafanye kazi. Sasa nipigie hesabu: wanasayansi waliosoma uvimbe wenyewe herufi kwa herufi wanakiri jibu hawajalipata, na mtu aliyesoma kikombe changu cha mate ananiandikia orodha ya manunuzi.

Jambo jingine la kuangalia ni ridhaa. Kwenye fomu, kisanduku cha kukubali vinasaba vyako vitumike kwenye "utafiti na washirika" kilikuwa kimeshawekwa alama. Mimi sikatai utafiti. Kwa hayo niliyoyasema juu ya hazina zisizo na Waafrika, ningekubali kwa moyo mweupe, ila niulizwe, na niambiwe mshirika ni nani. Kampuni ya Marekani ya 23andMe, kubwa kuliko hizi zetu, taarifa za watu takribani milioni 6.9 zilidukuliwa mwaka 2023, na Machi 2025 ikaomba kinga ya kufilisika mahakamani, wateja wakabaki wanahaha kufuta majina yao. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Nilipoitaja kwa simu, alama iliondolewa siku hiyohiyo. Itaje na wewe.

Mama mdogo naye ameshapimwa. Mshauri alimpangia, tena kwa kuzungumza na daktari wake kwanza, kwa kuwa jibu lingeweza kubadili hata tiba: zipo dawa kama olaparib, iliyoidhinishwa Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 2014, zinazolenga saratani zenye BRCA mbovu. Jibu lake limekuja safi, na lile badiliko langu la BRCA2 yeye hana kabisa. Aliyeugua hana, mzima ninalo. Mshauri anasema hilo linapunguza sana uwezekano kwamba ndilo linalotuumiza, ingawa historia ya familia inabaki palepale na mimi nitaendelea na picha zangu kila mwaka. Mjomba ameambiwa hana sababu ya kukimbilia kipimo. Kwenye kikao cha familia alisimama akasema yeye alijua tangu siku ya kwanza.

Kipimo cha jeni nakipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya Kiingereza na ule ukimya wa kusubiri. Mtindo wa maisha, moja, na hiyo ni ya uchapaji. Kwenye tovuti yao vinaonekana kana kwamba havitenganishwi, lakini ukipiga simu ukasema unataka jeni za saratani peke yake, wanakuuzia kwa laki sita na nusu. Kama kwenye ukoo wenu yupo aliyeugua na yuko hai, mwambieni yeye ndiye ateme, na mwombeni yule binti wa Jumamosi.